Mafua Yanapomkuta Mwenye Sukari na Tansio

Labda umekishika kitabu hiki ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, ukingoja jina lako liitwe. Au mtu wa nyumbani mwako amekuletea baada ya ibada. Kama wewe una ugonjwa wa sukari, au mume wako, au mke wako, au mzazi wako, basi mafundisho haya ni yako. Yasome polepole. Kama macho yako hayaoni vizuri, mwambie mtoto akusomee kwa sauti, na watu wa nyumba wasikie pia. Kwa maana siku utakapolala kitandani na homa, wao ndio watakaokuangalia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Habari ya fundi wa mbao

Palikuwa na baba mmoja, fundi wa mbao, mzee wa kanisa katika kijiji kilicho mbali na hospitali, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu miaka saba, na tansio tangu miaka minne. Alikuwa mgonjwa mwema. Kila mwezi alikuja kupimwa, na vidonge vyake alivileta katika mfuko mdogo wa kitambaa, vimehesabiwa. Nami nilimfundisha kama ninavyowafundisha wote: “Baba mzee, vidonge hivi vya sukari uvimeze pamoja na chakula, visikusumbue tumboni.” Aliitikia, akalishika neno hilo.

Wakati wa mvua mafua yaliingia kijijini. Nyumba nyingi zilikuwa na watu wanaokohoa. Yeye naye yakampata: homa, kikohozi, maumivu ya viungo, na hamu ya chakula ikamwisha. Hata harufu ya bugali ilimchukiza. Siku ya kwanza hakula, basi hakumeza dawa. Na kwa kuwa dawa za sukari na za tansio zilikaa katika mfuko mmoja, aliziacha zote. Siku ya pili vivyo hivyo. Jirani mwenye moyo mwema alimletea chupa mbili za soda ili apate nguvu. Kijana wake alimnunulia sokoni vidonge vya maumivu, vya rangi mbili, visivyo na jina juu yake. Siku ya tano, asubuhi, alinyosha mkono wa kuume ashike kikombe cha chai. Mkono ukakataa. Mdomo ukaenda upande.

Wanawe walimleta kwa pikipiki, mmoja akiendesha, mwingine akimshika kwa nyuma. Nilipompima, tansio ilikuwa 21 juu ya 12. Sukari ilikuwa 430. Nilimwuliza, “Baba mzee, mbona uliacha dawa?” Akanijibu kwa shida, maneno yakimtoka vipande vipande: “Mganga, ulisema pamoja na chakula. Sikula. Kwa hiyo sikumeza.”

Sikuwa na la kumjibu. Mtu huyu hakuvunja agizo langu. Alilitii. Mimi ndiye niliyefundisha nusu tu. Nilimfundisha siku za uzima, sikumfundisha siku za ugonjwa. Ndiyo maana naandika kurasa hizi, ili wewe upate ile nusu ya pili.

Sukari katika damu ni kitu gani

Chakula tunachokula, bugali, mihogo, ndizi, wali, viazi, hugeuka sukari mwilini. Sukari hiyo si adui. Ni kama makala ya jikoni: bila makala hakuna moto, na bila sukari mwili hauna nguvu. Lakini ili sukari itoke katika damu na kuingia katika nyama za mwili, inahitaji mtu wa kufungua mlango. Mfunguaji huyo ni insulini. Hutengenezwa na kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kiitwacho kongosho.

Watu wengine, mara nyingi watoto na vijana, kongosho yao haitoi insulini kabisa. Hao huishi kwa sindano za insulini kila siku. Wengine, mara nyingi watu wazima, insulini wanayo, lakini haitoshi, au milango imekuwa migumu kufunguka. Hao hupewa vidonge, na baadhi yao baadaye hupewa sindano.

Zamani, mtoto asiyekuwa na insulini alikufa tu. Mwaka 1921, huko Toronto katika nchi ya Canada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za wanyama. Mwezi wa Januari 1922, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa, alichomwa sindano zake za kwanza, naye akapata nafuu. Nakueleza habari hiyo ili ujue jambo moja: kwa mtu wa sindano, insulini si dawa ya kutuliza tu. Ndiyo uhai wake. Haiachwi hata siku moja.

Tansio ni kitu gani

Moyo ni kama pampu. Husukuma damu katika mishipa mchana na usiku. Nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa ndiyo tunayoiita tansio. Mganga akikupima, hukutajia hesabu mbili. Ya kwanza ni nguvu wakati moyo unasukuma. Ya pili ni nguvu wakati moyo unapumzika. Hapa kwetu wengine husema 14 juu ya 9, wengine husema 140 juu ya 90. Ni jambo lile lile. Hesabu ikifika hapo au kupita, na ikionekana hivyo siku mbalimbali, mtu ana tansio ya juu. Mwenye sukari, waganga wengi hutaka ashuke chini zaidi, karibu na 13 juu ya 8, kwa maana mishipa yake ni dhaifu kuliko ya wengine.

Tansio haipigi hodi. Mtu hutembea nayo miaka mingi, analima, anaimba katika kwaya, asijue. Usiseme, “Kichwa hakiniumi, basi sina tansio.” Kipimo ndicho kinachosema kweli.

Tena sukari na tansio hupenda kukaa nyumba moja. Sukari nyingi ikikaa katika damu miaka na miaka, hukwaruza mishipa na kuharibu mafigo. Mafigo yakiharibika, hayawezi tena kutoa chumvi na maji vizuri, na tansio hupanda. Tansio ikipanda, nayo huzidi kuyaponda mafigo. Ni kama watu wawili wabaya wanaosaidiana kuiba.

Mafua huletwa na nini

Mafua huletwa na virusi. Virusi ni vitu vidogo mno, vidogo kuliko vile vidudu vinavyoleta usaha katika kidonda. Darubini ya kawaida ya maabara haiwezi kuvionyesha. Virusi haviishi peke yao. Huingia ndani ya mwili na kuufanya mwili uzae virusi vingine. Hutoka kwa mtu hadi mtu kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mate, na kwa mikono iliyofuta pua.

Kuna virusi vya namna nyingi. Vingine huleta mafua madogo tu, ya siku tatu au nne. Vingine huleta yale mafua makali yanayomlaza mtu mzima wiki nzima. Na wote tunakumbuka COVID-19, iliyotangazwa kuingia nchini mwetu, mjini Kinshasa, tarehe 10 Machi 2020. Katika miaka ile waganga wa dunia nzima waliona jambo moja waziwazi: wazee, wenye sukari na wenye tansio waliugua vibaya kuliko wengine, na wengi zaidi wao walikufa. Si kwamba virusi vilikuwa vinawatafuta hao. Viliingia kwa wote. Lakini vilipoingia kwa mwenye sukari, vilikuta nyumba ambayo nguzo zake zimekwisha kuliwa na mchwa.

Mizigo mitatu juu ya baisikeli moja

Umewaona vijana wanaopeleka makala mjini kwa baisikeli. Magunia mawili yamefungwa, na kijana anasukuma kwa mkono. Katika njia tambarare anakwenda. Lakini ukimwongezea gunia la tatu wakati anapanda mlima, na mvua imenyesha, baisikeli itarudi nyuma na kumwangukia. Mtu mwenye sukari na tansio tayari amebeba magunia mawili. Mafua makali ndiyo gunia la tatu, na ndiyo mlima. Haya ndiyo yanayotokea mwilini mwake:

La kwanza. Sukari hupanda hata kama hakula kitu. Neno hili ulishike sana, kwa maana wengi hawaliamini. Mwili ukipigana na virusi, hutoa nguvu za vita. Ini hufungua ghala yake na kumwaga sukari katika damu. Wakati ule ule, nguvu hizo za vita huizuia insulini isifanye kazi yake vizuri. Kwa hiyo mgonjwa aliyelala na njaa siku tatu aweza kuwa na sukari 300 au 400. Fundi wetu hakula, lakini sukari yake ilipanda, na zile soda zikaongeza juu yake.

La pili. Moyo na mishipa huteswa. Homa huufanya moyo uende mbio. Zile nguvu za vita zaweza kuipandisha tansio. Mishipa huvimba kwa ndani, na damu huwa nyepesi kuganda. Hapo donge la damu laweza kuziba mshipa wa moyo au wa kichwa. Mwaka 2018 waganga wa jimbo la Ontario, nchini Canada, walitoa habari ya uchunguzi wao: katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuonekana kuwa na mafua makali, hatari ya kushikwa na moyo ilikuwa karibu mara sita kuliko wakati mwingine. Basi usiseme, “Ni mafua tu.”

La tatu. Maji hupotea. Homa hukausha. Sukari nyingi humfanya mtu akojoe mara kwa mara. Akitapika au akihara, maji huzidi kutoka. Damu huwa nzito, na mafigo hukosa maji ya kufanyia kazi. Hapo tansio yaweza hata kuanguka chini, mgonjwa akisimama aone giza. Basi unaona: katika ugonjwa tansio yaweza kupanda, na yaweza kushuka. Huwezi kujua kwa kufikiri tu. Lazima kupima.

La nne. Vidudu vingine hupata nafasi. Mwenye sukari ana askari dhaifu katika damu yake. Virusi vikifungua njia, vidudu vingine hufuata na kuleta ugonjwa wa mapafu.

Mambo ya kufanya siku ya ugonjwa

1. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Kutokula si sababu ya kuacha dawa zote. Ni sababu ya kupimwa.

2. Mwenye sindano za insulini asiache kabisa, hata akiwa hali chakula. Kipimo cha insulini chaweza kuongezwa au kupunguzwa, lakini mganga ndiye aseme, baada ya kupima sukari.

3. Mwenye vidonge, kama ana homa na kikohozi tu, na anakunywa uji na maji vizuri, mara nyingi huendelea na dawa zake za sukari na za tansio. Lakini kama anatapika, au anahara, au hawezi kunywa, aje upesi, au atume mtu siku ile ile, pamoja na mfuko wa dawa zake. Kwa maana kuna vidonge ambavyo mganga hutaka visimame kidogo mwili unapokauka: metformini, kaptoprili na ndugu zake, na vidonge vya kukojosha. Na glibenklamidi, kwa mtu asiyekula, yaweza kuangusha sukari chini sana. Dawa hizo husimamishwa siku chache, kisha hurudishwa. Usisahau kuzirudia.

4. Kunywa maji. Maji safi yaliyochemshwa, chai isiyo na sukari, au mchuzi mwepesi usio na chumvi nyingi. Kikombe kimoja kila saa unapokuwa macho. Lakini mwenye moyo dhaifu au mafigo mabaya, aliyeambiwa anywe maji kidogo, auulize kwanza.

5. Kula kidogo kidogo. Kama bugali haishuki, kunywa uji mwepesi, au kula kipande cha ndizi, au mchuzi wa samaki, kila baada ya saa tatu au nne. Mwili mgonjwa usiachwe mtupu kabisa.

6. Pima. Kama kuna mashine nyumbani au kwa jirani, pima sukari angalau mara nne kwa siku. Ikipita 250 mara mbili mfululizo, nenda hospitali. Ikishuka chini ya 70, au ukiona jasho baridi, kutetemeka na mawazo kuvurugika, kunywa mara moja nusu ya chupa ndogo ya soda, au maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kisha upime tena baada ya dakika 15. Hapo tu ndipo soda ni dawa.

7. Pima tansio asubuhi na jioni. Keti kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, usiongee. Mkono uwe juu ya meza, sawa na moyo. Kojoa kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta tumbako nusu saa kabla yake. Andika hesabu katika karatasi pamoja na tarehe.

8. Pima malaria. Katika nchi yetu, homa isidhaniwe kuwa mafua mpaka damu imeangaliwa. Mafua na malaria vyaweza kumshika mtu mmoja wiki moja.

9. Usilale peke yako. Mtu mmoja mzima wa nyumba akuangalie usiku pia, ajue dawa zako, na ajue njia ya kwenda hospitali.

Dawa za sokoni za kuogopa

Mtu mwenye mafua huona maumivu, naye hutaka kupona leo. Lakini angalia sana unachonunua.

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kweli. Lakini huzuia chumvi isitoke mwilini, hupandisha tansio, na huumiza mafigo, hasa mwili ukiwa umekauka. Mwenye sukari na tansio asizimeze bila neno la mganga. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ni bora: kwa mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa wa ini, yeye aulize kwanza. Lakini uchague vidonge vya kumeza. Vile vinavyochemka ndani ya kikombe cha maji vina sodiamu nyingi, yaani kile kitu cha chumvi kinachopandisha tansio.

Vidonge vingine vya mafua, vile vya kufungua pua iliyoziba, hukaza mishipa ya damu. Pua hufunguka, lakini tansio hupanda. Na dawa nyingi za maji za kikohozi zimetiwa sukari.

Deksametazoni uiogope zaidi. Baadhi ya watu huimeza ili wanenepe, na wengine huimeza kwa kila homa. Ni kweli, mwaka 2020 huko Uingereza ilionekana kwamba dawa hii iliokoa wagonjwa wa COVID-19 waliokuwa wakihitaji hewa ya oksijeni. Lakini haikuwafaidia wale wasiohitaji oksijeni. Nayo hupandisha sukari kwa nguvu, na tansio pia. Hospitalini tunaitoa tukipima sukari kila mara. Nyumbani nani atapima?

Tena ampisilini na dawa za namna hiyo haziui virusi. Ukizimeza kwa mafua, umetupa falanga zako bure.

Dalili zisizongoja kesho

Mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, ukiona moja ya haya:

Mkono au mguu mmoja umelegea, mdomo umeenda upande, au maneno hayatoki vizuri. Usingoje uone kama itapita. Kila saa ina thamani.

Maumivu yanayobana katikati ya kifua, au yanayokwenda mkononi au kwenye taya. Lakini ujue kwamba mwenye sukari aweza kushikwa na moyo bila maumivu makubwa: anapumua kwa shida tu, anatoka jasho, na nguvu zimemwisha.

Kupumua kwa haraka na kwa kina kama mtu aliyekimbia, tumbo kuuma, kutapika, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyooza. Hiyo ni sumu ya kukosa insulini.

Usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kutojua watu wa nyumba.

Tansio inayofika 18 juu ya 12 ukirudia kuipima. Au tansio iliyoanguka, na mgonjwa hawezi kusimama.

Midomo au kucha kugeuka rangi, au kutokojoa siku nzima.

Maswali ambayo watu huniuliza

“Mganga, maji ya kuhara yana sukari na chumvi. Je, mwenye sukari na tansio ayanywe?” Ndiyo, kama anahara au anatapika sana. Wakati huo mwili umepoteza maji na chumvi, na kukauka ni hatari kubwa kuliko kijiko cha sukari. Anywe kidogo kidogo, huku akienda kupimwa. Lakini kama ana mafua tu, hatapiki wala hahari, maji safi yanatosha.

“Majani machungu yanashusha sukari. Je, nitumie hayo niache vidonge?” Hapana. Hakuna ajuaye ni dawa kiasi gani imo ndani ya kikombe kile. Leo kidogo, kesho nyingi. Kama umeyanywa, usifiche. Tuambie, hatutakugombeza.

“Je, nikiugua naweza kufunga na kuomba?” Kuomba, omba. Lakini mtu mwenye sukari aliyeshikwa na homa asifunge chakula na maji. Mwili wake tayari uko vitani. Na mtu asikuambie kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Luka, mwenzake Paulo, aliitwa mganga mpendwa, na hakuna aliyemwambia aache kazi yake.

“Mafua yamekwisha. Je, hatari imekwisha?” Bado kidogo. Rudi upimwe sukari na tansio baada ya wiki moja au mbili. Wengine tuliwaona baada ya COVID-19 sukari yao imekataa kushuka kwa muda mrefu. Wengine walijua hapo mara ya kwanza kwamba wana sukari.

Ni heri kuzuia

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni huu: tunakuja hospitali siku ya ugonjwa tu. Mwenye sukari aliyeshika dawa zake vizuri, na tansio yake imetulia, mafua yakija yanamkuta na magunia mepesi.

Punguza chumvi. Makayabu yalowekwe usiku, na maji yamwagwe mara mbili. Vile vidonge vya mchuzi vinavyovunjwa katika sombe ni chumvi tupu. Sombe yenye kitunguu na nyanya inatosha. Ndagala zilizotiwa chumvi zioshwe sana. Tembea kwa miguu kila siku. Acha tumbako.

Uliza habari ya chanjo. Chanjo ya COVID-19 ilianza kutolewa katika nchi yetu mwezi wa Aprili 2021. Chanjo ya mafua hutolewa kila mwaka, kwa maana virusi vyake hugeuka sura. Haipatikani kila mahali kwetu, lakini mwenye sukari akipata nafasi yake, asiiache.

Tena neno kwa ndugu wanaotembelea wagonjwa. Kutembelea mgonjwa ni jambo jema. Lakini ukiwa na mafua, usiende kuketi karibu na mzee mwenye sukari katika chumba kilichofungwa dirisha. Tuma salamu, tuma uji, tuma kuni. Hiyo nayo ni kutembelea. Ukikohoa, kohoa ndani ya kiwiko cha mkono. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua madirisha ya kanisa, hata asubuhi ya baridi.

Mwisho wa habari ya fundi

Yule fundi wa mbao alikaa hospitalini wiki tatu. Hakufa. Tunashukuru. Mguu wake ulirudi, anatembea kwa fimbo. Usemi wake ulirudi. Lakini mkono wa kuume haukurudi kama zamani. Msumeno hashiki tena. Mwanawe anakata mbao, naye baba anakaa kando na kumwelekeza kwa mkono wa kushoto.

Siku ya kutoka nilimwomba radhi. Akasema, “Mganga, hukunifundisha vibaya. Ulinifundisha kidogo. Sasa maliza.” Basi tuliketi pamoja, yeye, mke wake na mwana wake, nami nikawaeleza yote uliyoyasoma hapa. Mke wake alishona mifuko miwili, mmoja wa dawa za sukari, mwingine wa dawa za tansio. Mwaka uliofuata mafua yalirudi kijijini, nayo yakampata tena. Siku ya pili, hamu ya chakula ilipoanza kupungua, walimpandisha kwenye pikipiki, na mifuko yake miwili mkononi. Nilipima: sukari 240, tansio 15 juu ya 9. Nilimpa maagizo, alilala kwetu usiku mbili, akarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, sasa neno moja ulichukue nyumbani hata kama umesahau mengine yote. Siku usipoweza kula, usikae nyumbani ukiwaza umeze dawa au usimeze. Siku hiyo ndiyo siku ya kupimwa. Chukua mfuko wa dawa zako uje. Na kama huna nguvu za kuja, mtume mtu na mfuko huo. Weka kitabu hiki karibu na dawa zako, mahali ambapo mkeo, mumeo au mtoto wako atakiona.